Mdogo akikataliwa mlangoni, dada naye hakai darasani

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

*Mpaka wa umri katika darasa la awali umewekwa kwa nia njema. Lakini kwenye uwanda wa Ufipa, ambako shule hufunguliwa katikati ya palizi, mpaka huo huwatenganisha watoto wa nyumba moja, na mzigo humwangukia dada mkubwa.*

Asubuhi ya Januari mjini Sumbawanga huja na ukungu, tope na baridi inayopenya sweta. Nje ya ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, foleni ya uandikishaji imefika kwenye mlingoti wa bendera. Mama aliye mbele amekuja na watoto watatu. Wa darasa la pili amevaa sare, wa miaka mitano ameshika daftari jipya, na wa miaka mitatu yuko mgongoni, amefungwa kwa kitenge.

Mwalimu anaomba kadi za kliniki. Ya yule wa miaka mitano imelowa pembeni lakini tarehe inasomeka, na anaandikwa. Kisha mama anamteremsha mdogo, anamsimamisha mbele ya meza na kumwambia apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Ndicho kipimo walichopimiwa wazazi wengi wa Tanzania zama za vyeti adimu. Mtoto anajinyoosha, anainamisha shingo, vidole vinaishia utosini. Mwalimu anasema kwa upole kwamba huyu bado, akakue kwanza.

Mama hana wa kumwachia. Shamba liko mwendo wa saa mbili kwa miguu, magugu yanayapita mahindi kimo, na nyumbani hakuna mtu mzima atakayebaki. Anamgeukia binti wa darasa la pili. Hakuna neno linalosemwa, lakini binti ameshaelewa. Anavua begi la shule na kuinama ili mdogo wake apande mgongoni.

Mwalimu yeyote aliyewahi kuandikisha watoto katika vijiji vya Ufipa anaijua picha hiyo. Kitabu cha uandikishaji kinasoma umri wa mtoto mmoja mmoja. Nyumba haiendi hivyo. Nyumba huamka na watoto wake wote kwa pamoja, na pale mmoja anapokosa mahali, mwingine hulazimika kukosa naye.

Januari ya shule, Januari ya palizi

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki, na Sumbawanga, makao makuu ya mkoa, iko zaidi ya meta 1,700 juu ya usawa wa bahari. Rukwa ni miongoni mwa mikoa ya Nyanda za Juu Kusini inayolilisha taifa kwa mahindi, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapa. Mbali na mahindi, mashamba yana maharage, ulezi, ngano na alizeti.

Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mahindi hupandwa mvua zinapotulia, na kufikia Januari ndipo palizi inapopamba moto na mbolea ya kukuzia inapowekwa. Shamba lisilopaliliwa kwa wakati huo halisubiri. Na palizi ikipungua, kuna kazi ya kufukia nyasi katika matuta ya mviringo, ntumba, ambayo kwa vizazi vingi yamekuwa kiwanda cha mbolea cha Wafipa. Sehemu kubwa ya kazi hizo hufanywa kwa jembe la mkono, na jembe hilo mara nyingi limeshikwa na mwanamke.

Mwaka wa shule nao huanza Januari. Majuma ambayo mzazi hana nafasi kabisa ya kukaa na mtoto mdogo ndiyo hayo hayo ambayo kaka na dada zake wanatakiwa wawe darasani.

Njia zinazobaki ni chache na zote zina kasoro. Mama anaweza kwenda na mtoto shambani, amlaze juu ya gunia pembezoni mwa shamba, jua na mvua vimkute hapo. Anaweza kumwachia bibi, kama bibi yupo na ana nguvu za kukimbizana na mtoto anayeanza kupanda kila kitu. Anaweza kumwachia jirani ambaye naye ana palizi yake. Au anaweza kumzuia nyumbani mtoto mkubwa, na mara nyingi huyo ni wa kike.

Familia nazo ni kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba mwanamke wa kijijini nchini Tanzania huzaa kwa wastani watoto 5.5 katika maisha yake, dhidi ya 3.6 kwa wa mjini. Sensa ya mwaka huo iliihesabia Rukwa watu 1,540,519. Katika nyumba nyingi, mwaka mtoto mmoja anapoanza shule, nyuma yake yupo mwingine ambaye bado hajafikisha umri.

> Mtoto wa miaka mitatu ni wa Maendeleo ya Jamii. Wa miaka mitano ni wa Elimu. Mama yao ni mmoja.

Mpaka ulivyochorwa

Tanzania imekuwa ikibadili mpaka wa umri wa watoto wadogo kwa miongo mitatu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiweka elimu ya awali kuwa ya miaka miwili, kwa watoto wa miaka mitano na sita, na darasa la kwanza likaanza kwa miaka saba. Sera ya mwaka 2014 iliteremsha ngazi hiyo: watoto wa miaka mitatu hadi mitano wapate elimu ya awali kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Kuanzia Januari 2016, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ada ikaondolewa katika shule za umma kuanzia awali hadi kidato cha nne, na wazazi wakaitikia kwa wingi.

Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo, lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma Februari 1, 2025, limepanga mwaka mmoja wa awali, miaka sita ya msingi na minne ya sekondari, mtoto akianza darasa la kwanza akiwa na miaka sita. Kwa hesabu hiyo, anayefaa kuketi darasa la awali ni wa miaka mitano.

Walio chini ya hapo wana utaratibu mwingine. Vituo vya kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa kupitia ustawi wa jamii, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na msimamizi wake kitaifa ni Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum. Darasa la awali ni la Wizara ya Elimu, na shule ya umma yenyewe inaendeshwa na halmashauri chini ya ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI).

Mgawanyo huo una mantiki ofisini. Kijijini unaacha pengo, kwa sababu shule ipo na kituo cha malezi mara nyingi hakipo. Vituo vingi vilivyopo viko mijini, ni vya watu binafsi au vya taasisi za dini, na vina karo. Mama anayelima heka mbili kwa jembe la mkono hana fedha ya kulipa kila mwezi.

Walimu wana hoja nzito

Ni rahisi kumlaumu mwalimu aliyemrudisha mtoto. Lakini anayeingia katika darasa la awali la shule ya umma hukuta sababu za msimamo wake zimekaa pale pale kwenye mkeka.

Mwongozo wa kitaifa unataka mwalimu mmoja wa awali awe na watoto wasiozidi 25. Tangu ada iondolewe, madarasa mengi ya umma nchini yamevuka idadi hiyo kwa mbali. Mwalimu aliyezidiwa na watoto wa miaka mitano, akiongezewa wa miaka mitatu, hawezi kumfundisha yeyote kati yao. Mdogo analala katikati ya somo. Anahitaji kupelekwa chooni, na vyoo vya shule vimejengwa kwa miguu ya watoto wakubwa. Anamlilia mama yake saa nzima, na wenzake wanaanza kulia naye.

Ipo pia hoja ya kitaalamu, nayo haipaswi kupuuzwa. Mtoto wa miaka mitatu si mwanafunzi mdogo. Hujifunza kwa kucheza, kugusa, kuuliza na kuiga, akiwa na mtu mzima anayemjibu. Kumketisha mbele ya ubao aimbe herufi kwa saa tatu kunaweza kumchosha na kumchukiza shule kabla hajaianza. Wazazi wanaofurahi mtoto wa miaka mitatu akiandika jina lake wanasahau kwamba vidole vyake bado vinajifunza kushika kijiko.

Na iko hoja ya usalama. Mtoto ambaye jina lake halimo kitabuni akianguka au akipotea, anayewajibishwa ni mwalimu. Hana fedha ya kumhudumia, kwa sababu ruzuku ya shule hutolewa kwa idadi ya wanafunzi walioandikishwa, na wadogo hawamo. Kwa hiyo mwalimu anayesema hapana analinda kitu cha kweli. Tatizo ni kwamba hapana yake haiishii kwa yule aliyemlenga.

Anayelipa ni dada

Sheria ya Elimu inamtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyefikia umri wa shule ya msingi anaandikishwa na anahudhuria. Mtendaji wa kijiji anaweza kumwita mzazi wa mtoto mtoro, na kesi ikafika mahakamani. Lakini sheria hiyo haimwambii mzazi amwache wapi mtoto wa miaka miwili wakati yule wa miaka tisa yuko darasani.

Utoro unaotokana na ulezi hauonekani kirahisi kwenye daftari la mahudhurio. Binti haachi shule kwa siku moja. Anakosa Jumatatu, anakuja Jumanne, anakosa tena Alhamisi, siku ya mnada. Anakosa somo la kugawanya, na juma linalofuata darasa limeshahamia kwenye sehemu. Mitihani ikija, matokeo yake yanasomwa kama uvivu au uzito wa kichwa. Kaka yake wa umri unaokaribiana naye huwa yuko darasani, kwa kuwa katika mila za maeneo mengi kumbeba mdogo mgongoni ni kazi ya msichana.

Si kwamba ulezi wa ndugu ni jambo baya. Ndugu kuleleana ni sehemu ya malezi ya Kiafrika na ni shule ya utu. Dada anayemlisha mdogo wake uji jioni, akimwimbia na kumfundisha majina ya wanyama, anampa kitu ambacho hakuna kituo kinachoweza kukitoa. Ubaya unaingia pale mtoto anapogeuzwa mlezi wa kutwa, saa za masomo, bila mtu mzima karibu.

Wapimaji wa malezi duniani wameliwekea jambo hilo kiwango. Katika tafiti za kaya zinazosimamiwa na UNICEF, mtoto wa chini ya miaka mitano huhesabiwa kuwa alikosa uangalizi wa kutosha iwapo katika juma lililopita aliachwa peke yake, au na mtoto mwenzake wa chini ya miaka 10, kwa zaidi ya saa moja. Palizi ya Ufipa huchukua kutwa.

Katika kutwa hiyo kuna moto wa mafiga, visima visivyo na mfuniko, na homa ambayo mtoto wa miaka minane hawezi kujua kwamba imevuka kiwango cha kusubiri mama arudi.

> Utoro unaotokana na ulezi hauonekani kirahisi. Matokeo yake husomwa kama uvivu.

Ghala limejaa, mtoto amedumaa

Rukwa ina jeraha lingine linalogusana na suala hili. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 49.8 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa. Ni Iringa na Njombe tu zilizokuwa na kiwango cha juu zaidi, na wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mikoa yote mitatu ni ya wakulima wakubwa wa chakula.

Udumavu una sababu nyingi: lishe ya mama mjamzito, maji na vyoo, maradhi ya mara kwa mara, mlo wa aina moja. Lakini mojawapo ni muda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miezi tisa hadi 23 alishwe mara tatu hadi nne kwa siku, pamoja na vitafunwa kati ya milo. Mama aliyeondoka alfajiri na kurudi jioni hawezi kutimiza hesabu hiyo, hata kama ghala lake limejaa magunia ya mahindi na debe la maharage. Dada wa miaka minane anampa mdogo wake alichoachiwa: ugali uliopoa, uliofunikwa kwa sahani.

Ndiyo maana mahali pa kumwacha mtoto mchana, penye mtu mzima na sufuria ya uji, ni suala la lishe kama lilivyo la elimu. Ulezi unalimwa hapa hapa. Karanga zipo. Dagaa wanapanda kutoka Ziwa Tanganyika kupitia Kasanga na Kirando. Kinachokosekana ni mkono wa mtu mzima wa kuukoroga uji huo saa nne asubuhi na kumlisha mtoto taratibu.

Serikali yenyewe inalijua hilo. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa kipindi cha 2021/22 hadi 2025/26, kwa watoto wa tangu mimba hadi miaka minane. Nguzo zake ni tano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Shabaha ya programu ni kuondoa kuta kati ya wizara, ili mtoto ahudumiwe na mikono inayowasiliana. Foleni ya uandikishaji ya Januari ndipo mahali pa kuupima mpango huo.

Kwingine walivyopanua mlango

Nchi jirani ya Msumbiji ina somo la karibu. Katika vijiji vya mkoa wa Gaza, kusini mwa nchi hiyo, shirika la Save the Children lilianzisha vituo vya awali vya jamii kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Matokeo ya utafiti uliochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 2012 yalionyesha kwamba waliosoma vituoni walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 24, wa kuandikishwa shule ya msingi. Walezi wao nao waliongezeka kufanya kazi za kipato.

La kuzingatia zaidi ni hili: ndugu zao wa miaka 10 hadi 14, ambao hawakukanyaga kituoni, nao walifaidika. Kiwango cha waliowahi kwenda shule miongoni mwao kilipanda kwa asilimia sita juu ya wale wa vijiji visivyo na vituo. Mdogo alipata mahali, mkubwa akapata muda.

Nairobi, katika makazi ya Korogocho, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia kina mama waliolipiwa gharama za kituo cha malezi. Waliongezeka kupata ajira kuliko wenzao wasiolipiwa.

India ilianza mapema zaidi. Mwaka 1969 jijini Delhi, Meera Mahadevan aliwakuta watoto wa vibarua wakizagaa kwenye eneo la ujenzi, wakubwa wakiwalinda wadogo. Shirika aliloanzisha, Mobile Creches, halikuanza kwa kuuliza umri. Lilikusanya wote, kuanzia wachanga hadi wa miaka 12, mahali pamoja, kisha likawagawa humo ndani: wachanga na walezi wao, wa kati na michezo, wakubwa na masomo. Mwaka 1975 serikali ya nchi hiyo ikaanzisha mpango mpana wa vituo vinavyohudumia watoto wa chini ya miaka sita, chakula kikiwa sehemu ya huduma.

Hata matajiri wanalo tatizo hili. Katika meli za kitalii zinazozunguka bahari ya Karibi, wazazi hulalamika watoto wao wanapotenganishwa kwa umri katika vyumba vya michezo. Kampuni ya Carnival huwagawa katika makundi ya miaka 2 hadi 5, 6 hadi 8, na 9 hadi 11, hivyo ndugu wa miaka mitano na sita huangukia vyumba viwili. Ukumbi mkuu wa watoto wa Disney hupokea wa miaka 3 hadi 10, hivyo ndugu hucheza pamoja. Tofauti ni kwamba mzazi wa melini akikosa nafasi hupoteza saa chache za mapumziko. Mzazi wa Ufipa hupoteza ama palizi ama masomo ya binti yake.

> Umri ugawe masomo, usigawe mlango.

Vituo vya uani

Mahitaji yakikosa huduma rasmi huzaa huduma isiyo rasmi. Katika miji inayokua, mtaani huibuka mama anayekusanya watoto wa majirani uani kwake kwa malipo kidogo ya siku. Kwa mama lishe na wauza genge, huyo ni mkombozi. Haulizi umri, na akiletewa ndugu watatu huwapokea watatu.

Upande wa ustawi wa jamii, uani huo ni hatari inayosubiri kutokea: chumba kimoja, jiko karibu, watoto wengi, mlezi asiye na mafunzo, hakuna anayejua yaliyompata nani. Maofisa wanapofunga kituo kisichosajiliwa wanatimiza wajibu wao.

Lakini kufunga bila kuonyesha mahali pengine kunawarudisha watoto hao kwenye mikono ya dada zao. Busara ni kuwafikia walezi hao, kuwapa mafunzo mafupi ya malezi, usafi na huduma ya kwanza, kuwakagua na kuwasajili kwa masharti wanayoweza kuyatimiza. Mwanamke ambaye majirani wamemwamini kwa miaka na watoto wao ni mtaji ambao halmashauri haipaswi kuutupa.

Kinachowezekana Ufipa

Jibu halipo katika kuwajaza watoto wa miaka mitatu kwenye darasa la awali. Walimu wako sahihi kulikataa hilo. Jibu ni kuwapa mahali pao ndani ya uzio ule ule, au hatua chache kutoka hapo, ili mama apite mara moja asubuhi, aache wote, kila mmoja kwenye chumba cha rika lake.

Mambo yanayohitajika si mageni kijijini. Ardhi ya shule ipo. Nguvu za wananchi zimejenga maboma ya madarasa na shule shikizi kote Rukwa. Walezi wanaweza kuwa wanawake wa kijiji hicho hicho wanaolipwa posho, wakisimamiwa na mwalimu wa awali na kukaguliwa na ofisa ustawi wa jamii wa kata. Wazazi wanachangia mahindi kwa chakula cha wanafunzi. Kuongeza debe la ulezi na karanga kwa ajili ya wadogo ni jambo linaloweza kuamuliwa katika kikao kimoja. Vifaa vya kuchezea hutengenezwa kwa magunzi, vitambaa na udongo wa mfinyanzi.

Penye uhaba, kituo kianze kwa msimu. Kuanzia kupanda hadi palizi ya mwisho, Desemba hadi Machi, ndipo hitaji linapokuwa kubwa kuliko wakati wowote. Kituo cha miezi minne kina gharama ndogo kuliko cha mwaka mzima, na kinaokoa miezi ile ile ambayo binti angekaa nyumbani.

Fedha ya kuanzia inaweza kupatikana. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha wanawake kinachoendesha kituo cha malezi kinafanya kazi halali yenye wateja wa uhakika, na kinastahili kupewa uzito sawa na kikundi cha ufugaji kuku au ushonaji.

Hatua nyingine haihitaji hata senti. Kitabu cha uandikishaji kiongezewe safu moja: mtoto huyu ana wadogo wangapi nyumbani wasiofikia umri wa shule, na nani anabaki nao mchana? Mwalimu mkuu akiwa na majibu hayo Januari, ataweza kutabiri utoro wa Februari na kwenda nao kwenye kamati ya shule ukiwa na majina.

Masharti yawepo. Wadogo wasifundishwe ubaoni. Kila mlezi awe na idadi ya watoto anayoimudu. Choo kiwe cha kimo chao, maji yawepo, na hakuna mtoto anayekabidhiwa kwa mtu asiyeandikwa. Kituo kisichotimiza hayo kitawapa walimu sababu ya kusema waliona mapema.

Rukwa ina halmashauri nne: Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi. Zote hupanga bajeti, na bajeti hizo huanzia katika vipaumbele vinavyotajwa na vijiji na mitaa. Mkutano mkuu wa kijiji unaofanyika kabla ya mvua za Novemba ndio wakati wa kuliweka mezani swali hili: watoto wa miaka miwili hadi minne wa kijiji chetu watakaa wapi Januari, na mtu mzima gani atakuwa nao? Likikosa jibu, au jibu likiwa ni dada zao, basi mkutano ujue kwamba umeshaamua ni watoto gani wa kijiji hicho hawatasoma.